Albamu ya kwanza ya rapa mkongwe: kwa nini Big Boi alianza upya baada ya miaka 16

Novemba 2023, André 3000 wa OutKast, kundi la hip hop la watu wawili kutoka Atlanta, Marekani, alipotangaza kwamba anatoa albamu yake ya kwanza akiwa peke yake, mashabiki walichanganyikiwa mara mbili. Wapo waliokuja juu: ya kwanza vipi, na The Love Below ya mwaka 2003 je, si aliifanya mwenyewe? Wengine walikubali kwamba ni ya kwanza, wakakaa mkao wa kusikia mistari. Tarehe 17 ya mwezi huo wakakuta New Blue Sun: vipande 8, jumla ya karibu dakika 87, filimbi mwanzo mwisho, na hakuna anayechana hata mstari mmoja. Kichwa cha kipande cha kwanza ni sentensi ndefu ambamo André anaapa kwamba alitaka kweli kutoa albamu ya rap, ila upepo ulimpuliza kwingine.

Mjadala huo haukuanza hapo. Julai 2010 mwenzake wa kundi, Big Boi, alitoa Sir Lucious Left Foot: The Son of Chico Dusty, nayo ikaingia sokoni kama albamu yake ya kwanza ya solo, wakati jamaa alikuwa na miaka 16 kwenye gemu na albamu 6 za kundi. Hata huku kwetu, rapa wa zamani akitangaza albamu yake ya kwanza, hakosekani mtu wa kuuliza: na zile kanda tulizokuwa tunanunua zilikuwa za nani?

Jibu fupi ni kwamba zilikuwa za kundi. Jibu refu ndilo lenye utamu, maana kinachoamua albamu ipi ihesabiwe ya kwanza ni karatasi zilizosainiwa, wala si miaka ambayo mtu amesimama mbele ya maiki.

Tuelewane maneno kwanza

Albamu ni mkusanyiko wa nyimbo uliotolewa rasmi kama kazi moja. Siku hizi majukwaa makubwa ya kusikilizia muziki yana kipimo chake: wimbo 1 hadi 3 ni singo, nyimbo 4 hadi 6 zisizofika dakika 30 ni EP, yaani albamu fupi, na kuanzia nyimbo 7, au kazi inayozidi dakika 30, ni albamu. Kipimo hicho ni cha kupanga rafu za dukani tu. Hakisemi lolote kuhusu ubora.

Mixtape ni kitu kingine. Ilianza kama kanda ya DJ, baadaye ikawa uwanja wa rapa kuchana (kurap) juu ya biti, yaani midundo, za watu wengine bila kuomba ruhusa, na ndiyo sababu nyingi zilitolewa bure. Mwaka huohuo wa 2010 Big Boi alitoa Mixtape for Dummies. Hiyo haihesabiwi kuwa albamu yake ya kwanza, hata kama ina sauti yake tele.

Albamu ya solo ni ile ambayo msanii mkuu kwenye jalada, kwenye mkataba na kwenye orodha ya chati ni mtu mmoja. Wageni hawaibadilishi. Sir Lucious Left Foot ina T.I., Jamie Foxx, Janelle Monáe, Gucci Mane, George Clinton, Too Short, Yelawolf na wengine kadhaa, lakini inabaki ya Big Boi kwa sababu hao wote wameandikwa kuwa wameshirikishwa. Kinyume chake nacho ni kweli: wimbo unaweza kuwa na sauti ya mtu mmoja tu na bado ukawa wa kundi. Hapo ndipo watu wengi wanapojikwaa.

Speakerboxxx ilikuwa ya nani?

Septemba 2003 OutKast walitoa diski mbili ndani ya kasha moja. Speakerboxxx ilikuwa kazi ya Big Boi, The Love Below ya André. Ukisikiliza, ni albamu mbili za watu wawili wenye masikio tofauti kabisa: mmoja yuko kwenye hip hop ya Atlanta yenye besi nzito na tarumbeta, mwingine anazungukia jazi, funk na pop. "Hey Ya!" ni André mtupu. "The Way You Move" ni Big Boi pamoja na Sleepy Brown. Nyimbo hizo mbili zilipokezana namba 1 kwenye chati ya Hot 100 ya Marekani mwanzoni mwa 2004, na zote mbili ziliandikwa kwa jina moja: OutKast.

Tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka waliyobeba Februari 2004 ilikwenda kwa OutKast. Lebo, yaani kampuni ya rekodi, ilikuwa ileile, mkataba ni uleule, na mauzo yaliingia kwenye hesabu ya kundi. Hata ndani ya diski zenyewe walikuwa wanatembeleana: André yumo kwenye "Ghetto Musick" upande wa Big Boi, na Big Boi yumo kwenye "Roses" upande wa André.

Kuna jambo la pembeni ambalo linapotosha watu kila mara mauzo ya albamu hiyo yanapotajwa. RIAA, chama kinachotoa vyeti vya mauzo Marekani, huhesabu kila diski peke yake kama kazi yenye diski mbili inazidi dakika 100. Hii ilikuwa na dakika zipatazo 135. Kwa hiyo cheti cha almasi, yaani nakala milioni 10, hakikumaanisha kwamba watu milioni 10 walibeba kasha hilo nyumbani. Kila kasha lilihesabiwa mara mbili.

Kwa kipimo cha sikio, basi, Speakerboxxx ni solo. Kwa kipimo cha karatasi ni ya kundi. Tasnia inafuata karatasi.

Mkataba wa kundi unavyomfunga mtu mmoja

Kundi linaposaini na lebo, huwa linasaini vitu viwili kwa pamoja. Kwanza, jina la kundi na albamu kadhaa zitakazotoka kwa jina hilo. Pili, kila mwanachama binafsi anaahidi kwamba sauti yake haitarekodiwa kwa lebo nyingine bila ruhusa. Mara nyingi kinaongezwa kifungu cha mwanachama anayejitoa au anayetaka kutoka peke yake: lebo ile ile ndiyo yenye haki ya kwanza ya kuichukua kazi yake.

Ni kama shamba la urithi lenye hati moja. Kila ndugu analima kipande chake na anajua miembe yake, lakini hakuna anayeweza kumleta mnunuzi na kumuuzia maembe kwa jina la shamba kama wenzake hawajatia saini.

Tuone ilivyomkuta Big Boi. OutKast waliingia sokoni 1994 kupitia LaFace, lebo ya Atlanta iliyoanzishwa na L.A. Reid na Babyface. Miaka ikapita, kampuni zikameza kampuni, na mkataba wa kundi ukaishia mikononi mwa lebo nyingine, Jive. Big Boi alianza kuandaa albamu yake ya solo baada ya Idlewild, albamu ya kundi ya 2006. Singo kama "Royal Flush", akiwa na André na Raekwon, ilitoka na hata ikateuliwa kuwania Grammy. Albamu yenyewe ikakwama. Kwa maelezo ya Big Boi mwenyewe, wakubwa wa lebo walitaka awape wimbo wa aina ya kile kibao cha Lil Wayne kilichokuwa kikitamba wakati huo. Hakutaka. Tarehe ikasogezwa, ikasogezwa tena.

Hatimaye aliondoka na albamu yake, akaipeleka Def Jam. Aliyekuwa bosi mkuu huko ni L.A. Reid, yuleyule aliyewasaini OutKast wakiwa vijana wadogo. Kazi ikatoka Julai 2010, nyimbo 15, ikaingia namba 5 kwenye Billboard 200, chati ya albamu ya Marekani.

Ila Jive walitoa ruhusa yenye mkia. Wimbo wowote wenye sauti za wote wawili, Big Boi na André, kwao ulikuwa wimbo wa OutKast, na OutKast ni mali iliyo chini ya mkataba wao. "Royal Flush" haikuingia kwenye albamu. "Lookin' for Ya", nao una André, ulivuja mtandaoni lakini kwenye diski haumo.

Hata hivyo, fungua maelezo ya wimbo unaoitwa "You Ain't No DJ" na utakuta prodyuza ni André 3000. Imekuwaje akazuiwa kuchana na akaruhusiwa kutengeneza biti? Kwa sababu mkataba wa msanii wa kurekodi hufunga sauti. Uandishi, utunzi na utayarishaji huwa na mikataba yake tofauti. Mtu anaweza kuwa amefungwa koo na mikono iko huru. Mimi naona wimbo huo unafundisha sheria ya muziki vizuri kuliko semina nyingi.

Hapo pia ndipo dhana ya kwamba akitoa solo basi wamegombana inapoanguka. Watu waliogombana hawapeani biti. Ukiona mwenza wa kundi hayupo kwenye albamu ya mwenzake, kabla ya kutafuta ugomvi uliza lebo zao ni zipi. Maneno madogo ya "kwa hisani ya" yanayoambatana na jina la mgeni kwenye jalada ndiyo ruhusa yenyewe: lebo ya mgeni imekubali sauti yake itumike mahali pengine, mara nyingi kwa malipo au kwa sharti kwamba wimbo usiwe singo.

Waliofungwa zaidi, na waliojifungua mapema

Rakim, rapa wa kundi la watu wawili, alikaa miaka mitano bila albamu. Albamu ya mwisho ya Eric B. & Rakim ilikuwa ya 1992. Baada yake mzozo wa mkataba uliowahusu wawili hao na lebo yao, MCA, ulifika mahakamani, na mtu aliyebadilisha namna rap inavyoandikwa akakaa nje wakati hip hop ya New York iko kileleni. Solo yake ya kwanza, The 18th Letter, ilitoka Novemba 1997 kupitia Universal, ikiwa na biti za DJ Premier, Pete Rock na Clark Kent, na ikaingia namba 4 Billboard 200. Wengi walidhani alikuwa amestaafu. Alikuwa anasubiri karatasi.

Wu-Tang Clan, kundi la watu tisa la New York, walikwenda kinyume. RZA, kiongozi na prodyuza wao, alipozungumza na lebo ya Loud, alikubali pesa kidogo kwa sharti moja: kundi liwe Loud, lakini kila mwanachama awe huru kusaini solo popote. Ndiyo sababu Method Man alitoka Def Jam 1994, Ol' Dirty Bastard Elektra 1995, GZA Geffen mwaka huohuo, na Raekwon akabaki Loud. Lebo nne zikawa zinalipia matangazo ya nembo moja. Biashara kama hiyo haikuwahi kuonekana kwenye rap.

Lakini uhuru wa karatasi peke yake hautoshi, na hili watu hulisahau. Inspectah Deck alikuwa miongoni mwa waandishi wakali zaidi wa kundi hilo, ila solo yake ilingoja hadi 1999. Sababu mojawapo ni mafuriko kwenye chumba cha chini kwa RZA, ambako biti alizotengewa ziliharibika. Na Masta Killa, ambaye kwenye albamu ya kwanza ya kundi ya 1993 ana vesi moja tu, alitoa No Said Date mwaka 2004, wa mwisho kati ya wale tisa wa mwanzo. Mkataba wa kundi haukumzuia. Foleni ya prodyuza mmoja anayewahudumia watu tisa inatosha kumla mtu miaka 11.

Kazi yenyewe inabadilika

Tuache mikataba kidogo. Rapa wa kundi anapobaki peke yake anakutana na hesabu ambayo hakuwahi kuipiga.

Chukua wimbo wa kawaida wenye mapigo 90 kwa dakika. Vesi ya mistari 16, kila mstari mapigo 4, ina mapigo 64, yaani kama sekunde 43. Vesi tatu ni sekunde 128. Ongeza kiitikio cha mistari 8 mara tatu, sekunde 64, na utangulizi na umaliziaji wa mistari 4 kila mmoja: unapata wimbo wa dakika 3 na nusu. Kwenye kundi la watu watatu kila mmoja anaandika vesi moja, mistari 16. Kwenye solo mtu mmoja anaandika 48. Albamu ya nyimbo 15 ikimtaka aandike zote mwenyewe, hiyo ni mistari 720, dhidi ya 240 aliyokuwa anatoa akiwa na wenzake.

Idadi ni nusu tu ya tatizo. Kwenye kundi sauti hubadilishana: mmoja nzito, mmoja nyembamba, mmoja anakimbia, mmoja anaburuza. Msikilizaji anapumzishwa bila kujua. Sauti moja kwa dakika 50 inachosha, hata iwe nzuri vipi. Dawa zinajulikana, na kila moja ina bei yake. Unaweza kualika wageni, nao wanakuja na ruhusa zao na asilimia zao. Unaweza kubadilisha kasi ya biti, mapigo 78 hapa, 100 pale, lakini uwe umezoea kuchana kwa kasi zote mbili. Unaweza kupunguza vesi ziwe mbili na kumpa kiitikio mwimbaji. Big Boi alitumia dawa zote tatu, na akaongeza ya nne: biti zisizofanana. "General Patton" imejengwa juu ya kwaya ya opera ya Aida ya Verdi, "Shine Blockas" juu ya wimbo wa soul wa Harold Melvin & the Blue Notes, na "Shutterbugg" ni ya sinthesaiza tupu. Kwa maoni yangu ndiyo sababu albamu hiyo haichoshi.

Jingine linaloharibika ni jukwaani. Rapa wa kundi hupumua wakati mwenzake anachana na humwachia mwenzake amalizie maneno ya mwisho ya mstari. Akiwa peke yake mistari iliyoandikwa bila nafasi ya pumzi inamkaba koo kwenye wimbo wa tatu. Dawa yake iko mezani, kabla ya shoo: andika ukiacha pigo moja tupu kila mistari 4, au tafuta mtu wa kukusindikiza kwenye maneno ya mwisho. Kuchana juu ya rekodi yako mwenyewe yenye sauti ni kuwadanganya waliolipa kiingilio.

Pesa: nani anachukua nini

Kila wimbo uliorekodiwa una mali mbili ndani yake. Kuna utunzi, yaani maneno na muziki kama ungeweza kuandikwa kwenye karatasi. Huo ni wa waliotunga. Na kuna masta, yaani rekodi yenyewe iliyofanyika studio siku ile. Hiyo ni ya aliyeilipia, ambaye mara nyingi ni lebo. Rapa mkongwe anaweza kuwa na haki kwenye utunzi wa nyimbo zote za kundi na asimiliki masta hata moja. Ndiyo maana hawezi kuchukua tu nyimbo zake bora za zamani akazibandika kwenye albamu ya solo. Na asifikirie kuzirudia haraka studio: kwa kawaida mikataba ya Marekani imekuwa ikimkataza kurekodi upya wimbo uleule hadi ipite miaka 5 tangu ulipotoka au miaka 2 tangu mkataba uishe, kwa kufuata ile itakayochelewa zaidi.

Upande wa utunzi, Marekani mwaka 2010 ilikuwa na kiwango cha kisheria cha senti 9.1 kwa kila wimbo kwa kila nakala iliyouzwa. Nyimbo 15 zingepaswa kuleta senti 136.5. Lakini kifungu kilichozoeleka kwenye mikataba ya lebo kinasema watalipa asilimia 75 tu ya kiwango, tena kwa nyimbo zisizozidi 10. Hapo kapu zima linashuka hadi senti 68.25. Sasa tuchukulie nyimbo 4 zina sampuli (vipande vya rekodi za watu wengine) au watunzi wa nje wanaodai kiwango kamili: wanaondoka na senti 36.4. Rapa na watunzi wenzake wanabaki na senti 31.85 za kugawana kwa nyimbo 11. Huu ni mfano wa hesabu, si mkataba wa mtu fulani, lakini unaeleza kwa nini wasanii wengine hukataa sampuli hata kama ni tamu.

Upande wa masta ni mgumu zaidi. Lebo ikitumia dola 100,000 kwa malipo ya awali na gharama za kurekodi, na mgawo wa msanii ni asilimia 15, pesa hiyo hurudishwa kutoka kwenye ile 15 yake. Albamu lazima iingize karibu dola 667,000 ndipo msanii aone senti ya kwanza ya mrabaha. Kwa mkongwe kuna mtego wa ziada: kama solo iko lebo ileile ya kundi, mkataba unaweza kuruhusu deni la albamu za kundi zisizorudisha gharama lihamishiwe kwenye solo. Anaanza albamu ya kwanza akiwa tayari anadaiwa. Kifungu hicho kikiwemo, kitu cha kwanza cha kupigania mezani ni kukiondoa, kabla hata ya kuzungumzia asilimia.

Huku kwetu

Tanzania ina mfano wake mzuri. Professor Jay alijulikana kwanza akiwa na Hard Blasters, kundi la albamu ya Funga Kazi na kibao cha "Chemsha Bongo". Mwaka 2001 akatoa solo yake ya kwanza, Machozi, Jasho na Damu, yenye "Ndio Mzee", wimbo ambao hata wazee waliodharau rap waliuelewa mara moja, maana ahadi za mwanasiasa hazihitaji mkalimani. Hakukaa miaka 16 kusubiri. Enzi za kanda msambazaji wa Kariakoo alinunua kazi kwa mkupuo, makubaliano mengi yalikuwa ya mdomo au karatasi moja, na hapakuwa na kifungu cha kumfunga mwanachama. Uhuru huo ulikuwa na hasara yake: asiye na karatasi haonekani popote nyimbo zake zikianza kuingiza pesa kwenye simu za watu miaka 20 baadaye.

Kwa anayetoka kwenye kundi leo, Dar, Nairobi au Mombasa, kazi inaanza kabla ya studio. Kwanza kaa na wenzako mwandike jina la kundi ni la nani, nani anaweza kulitumia kwenye bango la shoo, na nyimbo za zamani zinagawanywaje. Kila wimbo mpya uwe na karatasi yake ya mgawanyo: jina la wimbo, majina halisi ya walioutunga, asilimia zinazofika 100 kamili, tarehe na saini. Jazeni siku ileile ya kurekodi. Wimbo ukishatamba kila aliyekuwa chumbani hukumbuka kwamba alitoa wazo. Kisha sajili kazi kwenye taasisi ya hakimiliki: COSOTA kwa Tanzania, au KECOBO kwa Kenya.

Biti za kukodi mtandaoni ziangalie mara mbili. Leseni ya bei nafuu huwa na kikomo cha idadi ya kusikilizwa, na prodyuza anaweza kuikodisha biti hiyohiyo kwa watu wengine 50. Mmoja wao akiisajili kwenye mfumo wa YouTube wa kutambua sauti, video yako ndiyo itakayodaiwa kuwa imeiba.

Biti unayolipia yote, dai faili za kila chombo peke yake kwa WAV (sauti isiyobanwa), si mp3 moja iliyoshikamana. Albamu ya mkongwe mara nyingi inakusanya nyimbo za miaka mitatu minne kutoka studio tofauti. Wa kwanza una besi inayotikisa meza, wa nne unasikika kama umetoka chooni, na fundi wa kumiksi hawezi kutenganisha ngoma na kinanda ndani ya mp3. Weka nakala mbili mahali pawili. Yaliyotokea kwenye chumba cha chini cha RZA hayahitaji mto kufurika. Diski moja iliyodondoka inatosha.

Mwisho kabisa ni ukurasa wako kwenye majukwaa. Ukurasa wa kundi na wako ni vitu viwili, na wafuasi wa kundi hawahamii kwako. Unaanza sifuri, na kama jina lako ni la kawaida, nyimbo zako zinaweza kuangukia ukurasa wa mtu mwingine wa nchi nyingine. Peleka kazi kwa msambazaji wa kidijitali wiki 4 kabla, ili ukurasa uwe umefunguliwa na kurekebishwa mapema. Spotify nao wanataka wimbo uwe umewafikia angalau siku 7 kabla ndipo uweze kuuombea nafasi kwenye orodha zao. Kila rekodi ina namba yake ya utambulisho, ISRC, yenye herufi na tarakimu 12. Singo uliyotoa mwaka jana ikiingia kwenye albamu, tumia namba ileile. Ukiweka mpya, mfumo unaihesabu kama wimbo mwingine, na zile mara zote ulizosikilizwa zinabaki kwenye singo ya zamani.